Boti ya Tuzo

Mimi si mtu wa kunyamaza, na niliseme hilo mapema. Gati zima wananiita Redio, na anayeniita hivyo hanitukani, ananieleza tu nilivyo. Nashona nguo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Dirisha linatazama barabara inayoshuka ziwani, na chochote kinachopita hapo lazima nikitolee maoni. Dada yangu, ambaye tunaishi naye tangu binti zake waolewe, ni kinyume changu kabisa. Maneno yake ni machache, na kila moja lina kazi. Yeye wanamwita Mkaguzi.

Mkaguzi wa nini? Wa vyombo. Hakuna chombo kinachoingia kwenye ziwa letu kikitoka maji mengine kabla dada hajakitia mkono. Kiwe mtumbwi wa mvuvi, kiwe boti ya tajiri aliyekuja kupunga upepo na shemeji zake, kinasimama kwanza juu kwenye uwanja wa kokoto, mbali na ufukwe. Hapo kinaoshwa kwa maji ya tangi, ndani na nje, kinasuguliwa kwa brashi, na maji machafu yanaishia kwenye shimo la mchanga. Halafu kinaachwa juani siku kadhaa mpaka kikauke hata zile kona ambazo mkono haufiki. Kamba vilevile. Nyavu vilevile. Watu walitutukana mpaka wakaishiwa matusi, kisha wakazoea. Chombo cha aina moja tu hupita bila kuoshwa, nacho ni kipya kilichotoka dukani, ambacho hakijawahi kugusa maji.

Tuna sababu zetu. Mimi na dada hatukuzaliwa hapa. Tulizaliwa kando ya ziwa lingine, safari ya karibu siku nzima kwa lori, na ziwa hilo liliuawa na gugu maji. Sisemi liliharibika, nasema liliuawa. Hakuna ajuaye nani alilileta. Labda lilikuja kama kijipande cha mzizi kilichong'ang'ania kamba ya mtu. Mwanzoni lilikuwa zuri, lina maua ya zambarau, na mama yetu aliyachuma akayaweka kwenye glasi juu ya meza. Baada ya miaka michache tukawa hatuoni maji. Mitumbwi ilikwama katikati ya ziwa, samaki wakafa, na harufu ikaingia mpaka ndani ya vyandarua. Watu wakahama nyumba kwa nyumba. Mama alikataa kuhama, na tulipokwenda kumzika, wageni waliotoka mbali waliuliza lile ziwa tulilokuwa tukijisifia liko wapi. Walikuwa wamesimama mbele yake.

Kwa hiyo tulipohamia huku, dada alianza kusimama gatini peke yake na ndoo yake. Nilimwona kama aliyechanganyikiwa na msiba, nikaenda kumrudisha nyumbani. Siku hiyo nilirudi na mikono yenye malengelenge. Baadaye wakaja akina mama wauza samaki, akaja fundi wa injini, akaja mwalimu mmoja mstaafu aliyetuchimbia lile shimo la mchanga kwa mikono yake. Tukawa kikundi. Hatuna ofisi, tuna brashi.

Tatizo letu lilikuwa mlango wa nyuma. Ng'ambo ya ziwa kuna ghuba ambapo barabara kuu inapita karibu na maji, na wajanja wasiotaka kungoja jua waligundua kwamba wanaweza kushusha boti zao huko tusiwaone. Tukisikia habari zao, dada anaruka ndani ya mtumbwi wetu, anapiga kasia na lile bega lake bovu, mimi nyuma yake nikichota maji na kuyamwaga nje kwa kopo, kwa sababu mtumbwi wenyewe unavuja. Tunafika ng'ambo tumechoka hoi, na mjanja keshaondoka anacheka. Jioni namkanda dada bega kwa maji ya moto. Anauma meno, halii. Mara kadhaa aliniambia mlango ule ukiendelea kuwa wazi, kazi yote ya gatini ni sawa na kufunga mbele na kuacha nyuma wazi. Nilijua anachoogopa. Alikuwa anaogopa kuyaona yale maua ya zambarau mara ya pili.

Basi mtanielewa jinsi nyumba yetu ilivyolipuka kwa furaha simu ilipokuja. Kuna shirika moja la mjini ambalo kila mwaka huwaheshimu watu wa kawaida wanaolinda maziwa ya maji baridi. Lilikuwa limesikia habari zetu, likatuma watu wawili wakatutazama tukifanya kazi, na sasa mratibu wao alikuwa anatupigia kusema sisi ndio washindi wa kwanza. Tuzo ni kibao cha kioo chenye jina la kikundi, pamoja na boti ya injini.

Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Dada aliichukua simu mkononi mwangu, akauliza swali moja tu.

"Hiyo boti ni mpya?"

"Mpya kabisa, mama," sauti ya mratibu ilisikika. "Inatoka dukani moja kwa moja. Haijagusa maji."

"Asante," dada alisema, akakata simu. Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Kisha akasema, "Tutafika ng'ambo kabla hawajashusha hata kamba," na nikaona machozi yanamtoka. Sikuwahi kumwona dada yangu akilia kwa furaha. Sikujua hata kama anaweza.

Wiki ile nilishona mpaka vidole vikaota sugu. Kitambaa cha bluu kwa kikundi kizima, wanaume mashati, wanawake magauni. Gauni la dada nililitia kola iliyosimama na mikono mirefu ya kuficha bega lililoshuka. Kwa kawaida mtu huyu ukimpima anasimama kama nguzo ya simu, hana raha. Safari hii alijigeuza mbele ya kioo, akajitazama nyuma, akasema, "Redio, mwaka huu umeamua kunioza tena?" Tulicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni.

Siku ya sherehe waliweka mahema, viti vya plastiki, na vipaza sauti vikubwa vilivyotosha kusikika mpaka ng'ambo. Mratibu alikuwa binti mmoja mwembamba, mpole, mwenye simu mbili na wasiwasi wa watu kumi. Aliniambia mambo yatakavyokwenda. Hotuba, kibao, kukata utepe, halafu trela linarudi nyuma taratibu, boti inaingia majini, na dada yangu na mgeni rasmi wanazunguka mbele ya kamera. Wafadhili walitaka hasa hiyo picha ya mwisho.

"Hiyo picha ndiyo roho ya shughuli yote," alisema. "Nakuomba, mama, hakikisha watu wenu hawachelewi."

"Watu wetu hawajawahi kuchelewa," nilimjibu, "mgeni rasmi wenu ndiye hajafika."

Na kweli alikuwa hajafika. Nikaona nitumie nafasi hiyo kwenda kuitazama boti. Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, trela nyuma, na juu ya trela ndiyo yenyewe. Jamani. Nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni, injini nyuma inang'aa, usukani kama wa gari. Nilizunguka mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, mara ya pili nikiwa mtoto. Dereva wa lori alikuwa amekaa kivulini anajipepea kwa kofia. Nilimpelekea chai na mkate, maana ametoka mbali, na sisi hatumwachi mgeni mdomo mkavu.

"Baba, hiyo injini inawaka kweli au ni sura tu?" nilimtania.

"Mama, hiyo ni moto!" alisema, akaweka kikombe chini ili mikono ipate kusimulia. "Jana tumeijaribu. Wakubwa walisema isije ikatutia aibu mbele ya mgeni rasmi. Tulipofika lile ziwa la njiani, lile lenye majani mengi, tukaishusha. Ilikata yale majani utadhani kisu kwenye siagi."

Nilimsogelea.

"Ziwa lipi la njiani?"

Akalitaja. Lilikuwa ziwa la kwetu, tulikozaliwa. Lilikuwa lile lililo mbele ya kaburi la mama.

"Lakini msiwe na wasiwasi," aliendelea, mtu wa watu, hana hata chembe ya ubaya. "Tuliipangusa kwa kitambaa. Tazama inavyong'aa!"

Ilikuwa inang'aa. Niliitazama chini, nikatazama propela, nikapitisha kidole kwenye kona. Sikuona jani, sikuona mzizi. Ingekuwa rahisi kama ningeona. Lakini macho hayajawahi kuwa kipimo chetu. Mbegu ya gugu maji ni ndogo kuliko punje ya ulezi, na ndani ya boti, chini ya sakafu, kuna maji yanayotuama ambayo hakuna kitambaa kinachoyafikia. Ndiyo maana tunatumia brashi na jua. Niliyajua hayo yote, na bado, nikiwa nimesimama pale, nilijikuta nasema moyoni kwamba imepanguswa, imekaa juani njia nzima, na siku moja tu haiwezi kuua ziwa.

Honi zikalia. Mgeni rasmi amefika.

Nilirudi kwenye kiti changu mstari wa mbele, karibu na dada. Alinishika mkono. Aliung'ang'ania kama mtoto, wakati huyu ni mtu aliyewahi kumzuia mwanaume mwenye panga gatini bila kupepesa macho.

"Umeiona?" alininong'oneza.

"Nimeiona."

"Nzuri?"

"Nzuri sana, dada."

"Mimi sijaiangalia," alisema. "Naogopa nikiiangalia nitaanza kulia kabla ya wakati."

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Kama angekuwa na ile sura yake ya kazi, ningemwambia palepale, naye angemaliza mwenyewe. Lakini alikuwa anang'aa kama bibi harusi. Mimi nimshike sikio nimwambie nini? Halafu nikafikiria kusema kesho. Kesho ingekuwa imeshaingia majini. Halafu nikafikiria kutosema kabisa. Nani angejua? Dereva anaondoka jioni, dada keshaambiwa ni mpya. Mlango wa nyuma tungeufunga, bega lake lingepumzika. Na gugu likitokea baada ya miaka mitatu, tungesema limetoka kwa wajanja wa ng'ambo. Nawaambia ukweli, uongo wote ulikuwa umeshajipanga kichwani mwangu, tena mzuri, hauna hata kiraka.

Mgeni rasmi alikuwa mzee mrefu mwenye sauti nzuri. Alizungumza vizuri, sidanganyi. Alisema amepewa hotuba iliyoandikwa lakini hataisoma, maana aliletewa picha za watu wazima wakisugua mitumbwi ya wengine juani bila malipo, na akajiuliza yeye mwenyewe amewahi kusugua nini. Watu wakacheka. Alimwita dada mbele, akamkabidhi kile kibao cha kioo, akainama kidogo alipompa mkono. Niliona dada anakishika kwa mikono miwili. Makofi yalipigwa mpaka ndege wa majini wakaruka.

"Na sasa," mratibu alisema kwenye kipaza sauti, "kile tulichokuwa tunakingoja!"

Utepe ukakatwa. Lori likawashwa. Trela likaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea majini, na dereva wangu mpole anachungulia dirishani asimkanyage mtu.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka viatu vyangu vipya vimejaa maji. Nilikuwa nimesimama ziwani mpaka magotini, nyuma ya trela, nimenyoosha mikono kama polisi wa barabarani, na gauni langu la bluu linaelea. Lori likasimama ghafla. Watu wakacheka. Wanaonijua walidhani Redio ameona kamera.

"Mama, tafadhali," mratibu alikuja mbio, viatu mkononi. "Picha yako tutaipiga baadaye."

"Isiingie!" nilisema. "Dada! Boti hii si mpya. Jana ilikuwa kwenye ziwa la kwetu."

Sikuwa na kipaza sauti na sikukihitaji. Kicheko kilikatika. Dada alikuwa kwenye ngazi ya gati, kibao kifuani, tayari kupanda. Alinitazama, akaitazama boti kwa mara ya kwanza, akarudisha macho kwangu. Sitasahau ule uso. Ulizimika mbele ya macho yangu, nami ndiye niliyeuzima.

Alimsogelea dereva dirishani. "Baba, ni kweli?"

"Kweli, mama," yule baba alisema, ameshavua kofia. "Mimi nilidhani tunawafanyia vizuri."

"Najua," dada alisema. "Ipandishe juu."

Mratibu alikuwa karibu kulia. Alimvuta dada pembeni, nami nikawafuata nikichuruzika maji, maana siachwi kwenye maneno. Alieleza kwa haraka. Yeye mwenyewe aliambiwa haijaguswa, hakujua. Lakini masharti ya wafadhili yanasema mshindi aishushe boti majini siku ileile anayokabidhiwa, mbele ya kamera. Kama haiwezi kushushwa hapa leo, itabidi iende kwa washindi wa pili, kikundi cha ziwa la milimani, ambao hawana kanuni ya kukausha.

"Ni dakika chache tu, mama," alisema. "Mzunguko mmoja. Halafu mnaitoa, mnaiosha mnavyotaka. Sitaki muikose. Mnastahili kuliko wote."

Mgeni rasmi alikuwa amesimama karibu, anasikiliza. Nadhani alitaka kuona dada atajibu nini.

Dada alikitazama kibao, akanikabidhi mimi nikishike. Kisha akaanza kukunja mikono ya gauni, ile mirefu niliyoishona kwa kuficha bega.

"Wapelekeeni," alisema. "Lakini haiondoki hapa chafu. Na wao wana ziwa."

"Mama, sijakuelewa."

"Tutaiosha. Itakauka. Halafu mje muichukue muwapelekee. Waambie wafadhili wapige picha wiki ijayo, maji hayaendi popote." Akageukia kikundi. "Leteni brashi."

Hakuna aliyemuuliza. Wauza samaki walifunga magauni yao ya sherehe kiunoni, mwalimu mstaafu akavua shati lake la bluu akalikunja vizuri juu ya kiti, fundi wa injini akaanza kufungua vifuniko vya sakafu ya boti. Kwenye uwanja wa kokoto, mbele ya wageni na vipaza sauti, tuliiosha boti ambayo si yetu tena. Tulipofungua kizibo cha chini, maji ya kahawia yalitoka, mengi, yakateremka mpaka kwenye shimo la mchanga. Kama yalikuwa na kitu ndani yake, sijui. Sikuona kitu. Watu wa kamera walikaribia wakapiga picha zao, na mgeni rasmi alivua koti, akauliza ashike wapi. Dada alimpa ndoo na kumwambia asimwage karibu na ufukwe. Alibeba ndoo vizuri tu, kwa mtu ambaye hajazoea.

Mimi nilikuwa nasugua upande wa injini, na dada upande wa pili. Hakuwa amenisemesha tangu nitoke majini. Nilijua amenikasirikia, na nilikuwa tayari. Nilijikaza kisabuni nikasugua, nimefunga domo kwa mara ya kwanza maishani. Mara nikamsikia.

"Chini ya propela umeruka."

Nikainama nikasugua chini ya propela.

"Dada," nikasema, "ningenyamaza usingejua."

"Nisingejua."

"Ungeipanda."

"Ningeipanda," alisema, "na ningeipenda." Brashi yake ilisimama. "Uliwaza kunyamaza?"

"Niliwaza. Nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno ya kusema baadaye."

Nilidhani atanigombeza. Alitoa kicheko kifupi cha puani. "Na mimi hapo pembeni, yule binti aliposema mzunguko mmoja tu, niliwaza," alisema. "Niliwaza sana tu. Sugua."

Boti ilikaa juani siku zilizohitajika, na majirani waliopita walituuliza kama tumefungua duka. Siku moja mchana nilitoka kutafuta uzi, nikamkuta dada amekaa ndani yake, pale juu ya trela, kwenye nchi kavu. Mikono iko kwenye usukani. Nilipanda nikakaa karibu naye. Kutoka pale juu unaliona ziwa lote, linameremeta, safi, lina mitumbwi miwili inarudi na watoto wanaogelea chini ya gati. Ng'ambo ilionekana karibu, kama mtu anaweza kuigusa.

"Tutaifikiaje sasa?" niliuliza.

"Kama siku zote."

"Na bega?"

"Utalikanda." Aligeuza usukani kidogo kushoto, kidogo kulia. "Lakini nimewaza. Wale wauza samaki wawili wana ndugu wanaoishi kule ghuba. Kwa nini sisi tuvuke kila siku? Tuwapelekee brashi na tangi, waanze wao kule. Tunaufunga ule mlango kwa watu, si kwa boti."

Nilimwambia hilo lilitakiwa liwazwe miaka miwili iliyopita, kabla sijachota ziwa zima kwa kopo. Akasema miaka miwili iliyopita nilikuwa naongea sana, hakupata nafasi ya kuwaza.

Lori lilipokuja kuichukua, dereva ni yuleyule. Alishuka, akamsalimia dada kwa heshima, akaizunguka boti na kuinusa kama anayekagua nguo iliyotoka kufuliwa. Mratibu alikuwa ametuma salamu, na habari kwamba picha za siku ile, za watu wa sherehe wakiosha boti ya wenzao, wafadhili wamezipenda. Boti lakini ni ya wale wa milimani. Masharti ni masharti.

Trela lilipofungwa, dada alitoka nyumbani amevaa gauni lake la bluu, lililofuliwa na kupigwa pasi, na kapu mkononi. Ndani ya kapu niliona brashi mbili mpya. Alifungua mlango wa lori upande wa abiria, akapanda.

"Unakwenda wapi wewe?" nikamuuliza.

"Milimani. Njiani kuna mito miwili na lile ziwa la kwetu. Sitaki mtu aone joto aamue kuijaribu tena." Dereva aliangua kicheko, akasema, "Mama, naapa sitaijaribu hata kwenye dimbwi." "Nakuamini," dada alimwambia. "Lakini nakwenda. Na wale wa milimani hawana kanuni ya kukausha. Nitakaa nao siku mbili tatu."

Nilisimama dirishani kwake nikiwa na futi ya kupimia shingoni. Nyuma yake boti ilikuwa nyeupe, kavu kabisa, safi kuliko siku ilipotoka dukani.

"Dada, haikuumi?"

Alinitazama usoni, macho makavu, sura yake ile ya kazi imerudi.

"Inaniuma sana," alisema. "Haya, sogea, gari litoke."

Nikasogea. Lori lilipanda kilima taratibu, boti ikiyumba kidogo kwenye matuta. Nilisimama mpaka lilipokata kona, kisha nikavua viatu, nikachukua brashi, nikashuka gatini, maana kulikuwa na mtu ameleta mtumbwi kwenye pikapu na tayari alikuwa anapiga honi.